Jikoni, bao, daftari au simu: njia nne za kumwanzishia mtoto hesabu nyumbani

Mtoto wa miaka minne anataja moja mpaka ishirini bila kukosea. Majirani wanampigia makofi, bibi yake anamtilia mia mbili mfukoni. Kisha mama anamwambia, "Niletee ndimu tatu," naye anarudi na ndimu zote zilizokuwamo bakulini. Hajakaidi. Kwake yeye moja, mbili, tatu bado ni wimbo tu.

Hapo ndipo wazazi wengi wa hapa Tanga huanza kuulizana. Mmoja atakwambia umtafutie twisheni. Mwingine, umnunulie daftari la kufuatisha namba. Wa tatu amekwisha kumpa mwanawe simu yenye katuni za hesabu, na babu aliyeketi barazani anashangaa kwa nini hakuna anayemkalisha mtoto kwenye bao. Twisheni naiacha nje ya ulinganisho huu. Si ya nyumbani, halafu mtoto wa miaka mitatu mpaka sita aliyetoka shule akaenda madrasa hana saa nyingine ya kukaa kwenye benchi. Zinabaki njia nne: kazi za jikoni na sokoni, michezo, daftari na chati, na simu.

VIPIMO VYETU

Kila njia nitaiuliza maswali manne: inafundisha nini, inakula pesa na muda kiasi gani, inakwama wapi, na inamfaa nani.

Swali la kwanza ndilo zito, kwa sababu hesabu za mwanzo ni mambo mengi yaliyofungwa pamoja. Kuna kutaja namba kwa mpangilio. Kuna kugusa kitu kimoja kwa kila namba, bila kuruka wala kurudia. Kuna kuelewa kwamba namba ya mwisho uliyoitaja ndiyo idadi ya vitu vyote, na hapa ndipo alipokwama yule wa ndimu. Wanasaikolojia wa Marekani, Rochel Gelman na C. R. Gallistel, walizieleza kanuni hizi mwaka 1978 pamoja na nyingine mbili: kwamba chochote kinaweza kuhesabiwa, na kwamba ukianzia kulia au kushoto jibu ni lile lile. Baada ya hapo kuna kulinganisha, kuongeza na kutoa, maumbo na vipimo. Kuitambua 7 iliyoandikwa ni jambo jingine tena, na kwangu mimi halina haraka.

Kabla ya kuchagua njia, mpime mtoto wako. Weka visoda kumi mbele yake, mwambie, "Nipe vinne." Usimwambie avihesabu. Akikupa gao zima, yaani mkono uliojaa, bado yuko kwenye wimbo. Akikupa vinne, omba sita, kisha vinane, uone anapoishia. Watoto wengi huvuka hatua hii wakiwa na miaka mitatu na nusu mpaka minne na nusu hivi, na wapo wanaochelewa kidogo bila tatizo lolote.

NJIA YA KWANZA: JIKONI NA SOKONI

Inafundisha nini. Hapa idadi ina maana, kwa sababu ikikosewa kuna mtu atakosa chake. Mpe mtoto kazi ya kupanga vikombe vya chai: cha baba, cha bibi, cha dada, chake. Kikipungua kimoja, bibi atauliza, "Changu kiko wapi, mjukuu wangu?" Wala huna haja ya kumwambia amekosea. Kikaango cha vitumbua nacho ni darasa. Kile chenye matundu saba, sita yakilizunguka moja la katikati, kinamzoesha kuijua saba kwa sura yake kabla hajaihesabu. Ukishaviopoa vitatu, muulize vimebaki vingapi motoni (yeye akiwa mbali na mafuta, bila shaka). Huko ndiko kutoa, hata kama neno lenyewe hajalisikia.

Sokoni ni zaidi. Uwe Mgandini au Makorora, vitu vingi huuzwa kwa fungu: nyanya, dagaa, machungwa ya Muheza. Simama kwenye mafungu mawili ya bei moja, muulize lipi lina mengi. Kisha muulize lipi lina makubwa. Atagundua taratibu kwamba machungwa matano makubwa yanaweza kujaza mfuko kuliko saba madogo, yaani wingi na ukubwa ni vitu viwili. Hilo si jambo dogo kwa kichwa cha miaka minne. Nyumbani, bibi ambaye bado anazungumza kwa kibaba na pishi amwachie mtoto apime mchele mwenyewe: vibaba vinne, pishi moja. Mchele ukimwagika utaokotwa.

Na ukiwa unakaa Ngamiani una bahati ambayo miji mingi haina. Barabara zetu zina namba, na namba zenyewe zinafuatana. "Tumetoka ya tisa, tunakwenda ya kumi na mbili. Inayofuata ni ipi? Tumebakisha ngapi?" Siku ya kurudi, zihesabuni kinyumenyume. Mwalimu darasani atachora mstari wa namba ubaoni, na mtoto wa Ngamiani atakuwa amekwisha kuutembea kwa miguu.

Pesa nazichukulia kwa tahadhari. Katika maisha yetu mtoto hukutana na mia kabla ya kumi, na sarafu moja ya 200 machoni ni kitu kimoja ilhali thamani yake ni mia mbili. Mtoto wa miaka mitano na kuendelea mwachie ahesabu kwa mia: ikiwa andazi ni mia mbili na ametoa mia tano, atarudishiwa mia ngapi? Anachofanya ni tano toa mbili tu. Wa miaka mitatu azipange sarafu kwa ukubwa, chini ya macho yako, asije akaitia moja mdomoni.

Gharama na muda. Pesa, hakuna. Muda nao hautengwi peke yake, kwani kazi hizo ungezifanya tu. Kinachotakiwa ni mdomo: useme namba, uulize, usubiri jibu.

Inakwama wapi. Kusubiri huko ndiko kugumu. Asubuhi ya saa kumi na mbili na nusu, gari la shule linapiga honi, hakuna anayemwachia mtoto ahesabu vikombe. Namba zenyewe pia huwa ndogo, na hakuna kilichoandikwa. Halafu usishangae anayejua "mbili" akasita ukimwambia "vikombe viwili" au "machungwa mawili". Namba zetu nyingine hubadilika kila zikikutana na kitu kipya, wakati sita, saba, tisa na kumi hubaki vile vile. Mrudie bila kumcheka.

Inamfaa nani. Mtoto wa miaka miwili mpaka mitano, hasa yule wa wimbo usio na idadi. Inamfaa pia mzazi au mlezi yeyote aliye naye mchana, awe amesoma au hakusoma.

NJIA YA PILI: BAO, MDAKO NA MICHEZO YA KUCHORA CHINI

Inafundisha nini. Bao letu lina mashimo 32 na kete 64, na ukimtupa mtoto moja kwa moja kwenye namua na mtaji, hatua mbili za mchezo wa wakubwa, utamkimbiza. Chukua safu mbili tu za mashimo manne manne, hata yawe ya mchangani, tia komwe (mbegu zinazotumika kama kete) tatu kila shimo, mwache achote na kusambaza. Kanuni ni moja: kila shimo komwe moja, usiruke, usitie mbili. Ni ile ile kanuni ya kugusa kitu kimoja kwa namba moja, ila hapa hafundishwi kwa maneno, mkono wenyewe unajifunza. Akizoea ataanza kukisia: "Nikichota hizi nne nitaishia pale." Siku akisema hivyo, amehesabu kabla hajagusa kitu.

Mdako una faida yake. Kijiwe kimoja kiko hewani, macho yanalazimika kuona vingapi vimetoka shimoni bila nafasi ya kuhesabu kimoja kimoja. Binadamu ana uwezo wa kutambua vitu vitatu au vinne kwa mtazamo mmoja, na mdako unaunoa uwezo huo. Vidole vya wa miaka minne havitadaka vizuri. Aanze kwa kurusha na kuchota tu, bila sheria ya kushindwa.

Mchezo wa tatu hauna hata jina, lakini ndio ninaoupenda zaidi. Chora vyumba kumi kwa chaki sakafuni, vikifuatana kutoka kushoto kwenda kulia, uviandike 1 mpaka 10. Rusha kisoda: kikilala chali, hatua moja, kikifunika, hatua mbili. Mwaka 2008 watafiti Geetha Ramani na Robert Siegler walichapisha matokeo ya mchezo wa namna hii kwa watoto wa chekechea wa familia za kipato cha chini huko Marekani. Vipindi vinne vifupi katika wiki mbili vilitosha kuwainua katika kuhesabu, kutambua namba na kujua ipi kubwa, wakati wenzao waliocheza kwenye vyumba vya rangi visivyo na namba hawakuinuka hivyo. Siri ndogo ni hii: mtoto akiwa kwenye 4 na akapata hatua mbili, aseme "tano, sita," si "moja, mbili." Akisema moja, mbili, anahesabu hatua tu, na namba aliyofikia inampita.

Gharama na muda. Komwe huokotwa ufukweni, visoda hujaa nje ya kila duka, na chaki ni ya bei ndogo. Muda ni robo saa, ila anahitajika wa kucheza naye. Si lazima awe wewe.

Inakwama wapi. Kushindwa. Mtoto mdogo akishindwa mara mbili mfululizo analia, na kaka yake akimwambia "wewe hujui" ameharibu wiki nzima. Wakubwa pia wana tabia ya kumchezea ili mchezo uende haraka. Hatari ya kweli ni komwe na visoda kwa walio chini ya miaka mitatu, kwa sababu humezwa na kukaba koo. Na kuna jambo moja la kwetu nisilolipenda: bao limekuwa la wanaume wa barazani, mtoto wa kike anaachiwa mdako. Wape wote vyote viwili.

Inamfaa nani. Miaka minne na kuendelea, nyumba yenye watoto kadhaa, na babu au bibi mwenye subira ya mchana. Asiyetulia kwenye kiti hutulia kwenye bao.

NJIA YA TATU: DAFTARI NA CHATI YA UKUTANI

Inafundisha nini. Kutambua namba zilizoandikwa, kuziandika, na kuona mpangilio wake. Kuhesabu ni K ya tatu katika KKK (kusoma, kuandika, kuhesabu) za madarasa ya mwanzo, na darasani mtoto atakutana na kalamu apende asipende. Chati ya mistari ya kumi kumi inaendana vizuri na lugha yetu: kumi na moja, kumi na mbili, kumi na tatu, kila namba inajieleza. Za kukariri ni ishirini, thelathini na wenzake. Weka chati ilipo mtoto, usawa wa macho yake, si juu ya kabati.

Gharama na muda. Daftari, penseli na kifutio. Chati unaweza kuichora mwenyewe nyuma ya kalenda ya mwaka jana. Dakika kumi zinatosha. Ikifika nusu saa inakuwa adhabu.

Inakwama wapi. Mkono wa miaka mitatu haujawa tayari kwa penseli, na kumlazimisha ni kumchukiza mapema. Zaidi ya hapo, ukurasa mzima wa 5 zilizofuatishwa vizuri humfundisha umbo la 5, haumfundishi tano ni ngapi. Mzazi huona daftari limejaa akaridhika. Dawa yake ni rahisi: kila 5 anayoandika, kando yake apange visoda vitano au achore samaki watano.

Inamfaa nani. Mtoto wa miaka mitano au sita aliyekwisha kuvuka jaribio la "nipe vinne," anayeingia awali au darasa la kwanza. Inamfaa pia mzazi anayeshinda kazini, maana kazi inaachwa mezani na jioni inakaguliwa.

NJIA YA NNE: SIMU

Inafundisha nini. Inategemea kilichomo. Video ya wimbo wa namba inaongeza wimbo, na huyo wako wimbo anao tayari. Programu inayomwambia mtoto "weka mayai matatu kwenye kikapu" kisha ikasubiri afanye, hiyo inafundisha, na haichoki kurudia.

Na hili kwetu si jambo la kusikia. Mkoa huu wa Tanga ndio uliokuwa uwanja wa majaribio ya shindano la dunia la Global Learning XPRIZE. Karibu watoto 3,000 katika vijiji 170 hivi walipewa vishikwambi vyenye programu za Kiswahili za kusoma, kuandika na kuhesabu, wakavitumia kwa miezi 15 bila mwalimu, wakichaji kwa umeme wa jua. Mwanzoni zaidi ya asilimia 90 ya watoto hao hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili. Mwishoni idadi hiyo ilipungua kwa nusu. Mei 2019 timu za Kitkit School na onebillion zilitangazwa washindi wa pamoja wa zawadi ya dola milioni 10, na programu za washindani wote watano wa fainali ziliachwa huru kwa yeyote kuzitumia.

Basi tumpe simu tukalale? Hapana. Watoto wale walikuwa wakubwa kidogo, wa umri wa shule, na wengi wao walikuwa hawajawahi kusoma shule. Kishikwambi kiliziba pengo la mwalimu ambaye hakuwapo, na hakikuwa na katuni nyingine za kukimbilia. Simu ya mama ina kila kitu.

Gharama na muda. Simu unayo tayari, ila bando linakwenda, na chaji nayo. Tafuta programu inayofanya kazi bila intaneti ukishaipakua. Muda wa mzazi unaonekana kupungua, lakini mtoto mdogo hufaidika zaidi akiwa na mtu pembeni wa kumuuliza, "Umejuaje ni tatu?"

Inakwama wapi. Kidole hubahatisha. Mtoto anabonyeza kila jibu mpaka nyota ziruke, nawe unadhani amejua. Matangazo hujitokeza katikati, na kuinyang'anya simu huzua vita vya kila siku. Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2019 kwamba mtoto wa chini ya miaka miwili asikalishwe mbele ya skrini, na wa miaka miwili mpaka minne isizidi saa moja kwa siku, ikipungua ndiyo bora. Saa hiyo inahesabu na katuni za televisheni sebuleni.

Inamfaa nani. Miaka mitano na kuendelea, kwa dakika kama ishirini, katika nyumba ambayo mkubwa yeyote ana uwezo wa kusema "imetosha" na ikawa imetosha.

CHAGUA KWA HALI ULIYO NAYO

Mtoto hajafika miaka mitatu: ya kwanza peke yake. Vijiko, vikombe, ngazi za nyumba, vifungo vya shati. Vingine vyote vingoje.

Anataja mpaka ishirini lakini akiombwa vitatu anachota gao: ya kwanza na ya pili, daftari liwekwe kando kwa miezi michache. Wala usimwongezee arobaini na hamsini za kutaja. Hazitamsaidia kwenye tatu.

Anahesabu vitu vizuri ila namba zilizoandikwa hazijui: vyumba kumi vya chaki kwanza, kisha chati, kisha penseli. Kwa mpangilio huo namba atakuwa ameikanyaga kabla ya kuiandika.

Mnarudi kutoka kazini wakati wa Magharibi, mtoto anashinda na dada wa kazi: usimpe dada mzigo wa ualimu. Muombe mambo mawili tu, mtoto apange sahani za mchana na wacheze kisoda robo saa. Wewe usiku, wakati wa chakula, uliza maswali yako mawili matatu. Simu iwe ya siku mnapokuwa pamoja.

Analelewa na bibi au babu asiyejua kusoma: hana upungufu wowote kwa umri huu. Bao, mdako, kibaba na vitumbua vinatosha mpaka miaka mitano. Hapo sasa atafutwe binamu au jirani wa kumkalisha na daftari mara chache kwa wiki. (Tasbihi ya bibi ina punje 33 au 99 na inavutia mikono ya watoto, lakini hiyo tumwachie bibi.)

Januari anaanza darasa la kwanza na penseli haijui: daftari kila siku dakika kumi, lakini visoda visiondoke mezani.

Amefika miaka mitano, umejaribu kwa miezi, na bado hawezi kukupa viwili au vitatu: zungumza na mwalimu wake wa awali, na umpeleke akapimwe macho na masikio. Wakati mwingine anayeonekana hajui kuhesabu hasikii vizuri unachomwambia.

Nyumba ina watoto wa rika tofauti: mchezo wa chaki ndio unaowabeba wote. Mdogo asogeze kisoda, wa kati asome namba, na mkubwa apewe kazi ya kusema kabla ya kurusha, "Yuko kwenye saba, amebakisha ngapi kufika kumi?"